Kadi za Nathanaeli Haziuzwi

S.L.P. 318,
Tunduma, Songwe.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Osward,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Kanada kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa Krismasi umetulia. Usinyanyue mizigo kazini kwa kutaka kuonyesha kwamba unaweza. Sisi huku tu wazima. Goti langu linauma mvua ikinyesha, na mwaka huu imenyesha kwelikweli, lakini sokoni naenda na kanisani nafika. Mahindi ya kijijini Ibaba yamesimama vizuri, hata yale ya bondeni tuliyodhani yamekwenda na maji.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Mara ya tatu niliuzima kabla hujamaliza. Sikukujibu kwa simu kwa sababu siku ile ningekujibu vibaya, na kwa sababu mambo haya yanataka kuandikwa. Anayekuletea barua hii ni Sebastian, mtoto wa mchungaji wetu, anayekuja huko kusoma. Amebeba na bahasha ya picha. Soma barua kwanza, picha utazitazama baadaye.

Umesema Baba mdogo Rubeni amekupigia kukwambia kuwa kadi za marehemu kaka yako zimeoza zote mikononi mwangu. Umesema umepata mnunuzi huko, na kwamba nizifunge zilizobaki nikutumie uziuze kabla hazijaisha. Jibu langu ni hapana, Osward. Hazikuoza zote na haziuzwi. Ila kuna zilizoharibika, na aliyeziharibu ni mimi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, halafu utaamua kama bado unataka kunikasirikia.

Unakumbuka Nathanaeli alivyozianza. Kila akienda Durban na lori alirudi na pakiti mbili tatu za kadi za wachezaji wa mpira, na madereva wenzake pale maegesho wakimcheka kwamba mtu mzima na ndevu zake ananunua picha. Wewe ndiye uliyezipeleka kwa wale wapimaji wa ng'ambo, zikarudi kila moja imefungwa ndani ya kasha lake la plastiki ngumu, juu lebo yenye namba na alama ya ubora iliyopata, ya juu kabisa kumi. Nyingi zilipata nane na tisa, chache kumi. Zilikuwa arobaini na nane. Siku zilipofika alizipanga zote juu ya kitanda changu, akanikataza kukaa.

Na wodini, wiki ile ya mwisho, simu ilikuwa wazi na wewe ulisikia kwa masikio yako alichosema: “Dada, msiziuze. Atupele akifika miaka ishirini na tano, ataamua mwenyewe.” Nilisema sawa. Na wewe ulisema sawa. Binti yake huyo sasa ana kumi na tano.

Basi mimi kwa miaka minne niliziweka kwenye sanduku la bati, nikalipandisha darini ili mwizi asilione. Nikatia na vidonge vya kufukuza nondo. Niliona nimemaliza kazi. Sikujua kwamba chini ya mabati mchana ni tanuri na usiku ni friji, na kwamba karatasi haipendi kupelekwa huku na huku namna hiyo.

Mvua za Novemba zilipoanza nilipanda kukagua, nikakuta matone madogo upande wa ndani wa kifuniko. Nikaogopa. Hapo ndipo ningeuliza mtu. Badala yake nikafikiri kwa akili yangu kwamba chumvi hunyonya maji. Nikachukua chumvi ya mawe ya Ivuna, ile ninayouza mwenyewe, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka pembeni mwa sanduku na kulifunga. Nikashuka nikiwa na amani kabisa. Sikufungua tena mpaka mwisho wa Januari.

Osward, chumvi ilinyonya maji kweli, ikanyonya hadi yenyewe ikawa maji. Kitambaa kilikuwa kimelegea kama nepi ya mtoto iliyolowa. Maji ya chumvi yalikuwa yametambaa chini ya sanduku, na safu nzima ya chini, kadi kumi, zilikuwa zimelala humo. Yale makasha tunayaona magumu, lakini hayazuii maji. Yana maungio pembeni, na maji hupita. Nane zilichafuka kwa nje tu, nikazifuta zikawa salama. Mbili maji yaliingia ndani. Moja ni ile ya yule kipa kijana, yenye alama kumi, ambayo Nathanaeli aliitafuta miezi saba.

Niliketi pale darini, miguu inaning'inia kwenye tundu la ngazi, kasha la kipa mapajani. Sikulia. Nilikuwa nimejikasirikia mno. Nilijua pia kwamba ningeweza kulipangusa, nikalirudisha kati ya mengine, na kwa miaka kumi asingejua mtu. Wazo hilo lilinijia na sitakuficha. Nikashuka nikamwita wifi yangu Agnes na binti yake, nikawaeleza yote mezani.

Agnes aliuliza ngapi zimebaki nzima. Nikamwambia arobaini na sita. Atupele alichukua kasha la kipa akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaona ule mstari mweupe wa chumvi uliopita kwenye goti la mchezaji, akalirudisha mezani taratibu.

Habari hizi zilimfikia Baba mdogo Rubeni huko Ibaba, naye akashuka Tunduma wiki hiyohiyo. Hakuja peke yake. Alikuja na mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mtu mwenye adabu, suruali imepigwa pasi. Baba mdogo alieleza kwamba sisi si watu wa kutunza vitu kama hivi, kwamba ada ya Atupele ipo humohumo sandukuni inaoza, na kwamba marehemu angekuwa hai angekubali. Simlaumu. Alisema kama mzazi, na makosa nilikuwa nimeyafanya kweli. Aliyemjibu ni Agnes. Alisema ada analipa yeye kwa vitenge vyake, na hajawahi kuchelewa.

Yule mgeni akachukua kadi moja nzima, yenye tisa, akaizungusha mkononi. Akasema kwa upole, akiniita mama kwa lugha yao, “Mayo, siwezi kununua kitu ambacho sijakishika.” Akatoa kisu kidogo mfukoni, akaweka ncha kwenye maungio ya kasha. Wewe unajua: kasha likifunguliwa, alama imekufa, hata kadi iwe safi namna gani. Nilimweleza hivyo, hakusikia au hakuamini. Nikaweka kiganja changu juu ya kasha, chini ya kisu.

Nikamwambia, “Ukikata, kata na mkono wangu.”

Akacheka, akidhani natania. Kisha akanitazama usoni, akakunja kisu. Baba mdogo alisimama akaondoka bila kunywa chai, na nadhani alikupigia akiwa bado njiani. Ndiyo maana ulisikia kuwa zimeoza zote.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari kwenda Ruanda, kule Mbozi, kwa Teresia, yule niliyesoma naye, ambaye sasa ni mtunza ghala la kahawa. Nilijiambia kwamba mtu anayelala usingizi huku ana magunia ya kahawa ya watu kwenye mvua za Mbozi, lazima anajua kitu nisichokijua. Nilipomweleza habari ya chumvi aliinamisha kichwa asicheke mbele yangu, akashindwa, tukacheka wote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Januari.

Kisha akanionyesha ghala lake. Magunia yamekaa juu ya mbao, hayagusi sakafu wala ukuta. Ukutani ana kisaa kinachopima unyevu, anakisoma asubuhi na jioni. Akaniambia, “Ikupa, wewe ulikuwa unazilinda na mwizi. Mimi kahawa nailinda na hewa.” Maneno hayo nimerudi nayo nyumbani.

Nikamwuliza kama ninunue sefu ya chuma, maana hilo nalo nilikuwa nimelifikiria. Akasema chuma hutoa jasho, na nikizifungia humo bila kitu cha kukausha nitakuwa nimejenga sanduku la bati jipya. Vidonge vya nondo akasema nitupe siku hiyohiyo, kwa sababu mvuke wake hula plastiki. Nilipofika nikanusa makasha, nikaona alisema kweli: mawili yalikuwa yameanza kufifia upande uliokuwa karibu na vidonge.

Sasa hivi zinakaa hivi. Sanduku nimelishusha, naweka majembe. Kadi ziko chumbani kwangu, kwenye kabati lililoegemea ukuta wa katikati ya nyumba, ambao jua haliupigi wala mvua haiulowanishi. Ziko rafu ya katikati, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa na mbali na bati kwa ajili ya joto. Kila kasha limevaa mfuko wake mwembamba usio na harufu. Zinasimama wima kama vitabu, hazibanani, ndani ya dishi la plastiki lenye kifuniko cha mpira, pamoja na vile vipakiti vya kukausha ambavyo Teresia alinigawia. Kisaa cha unyevu nilikiagiza Mbeya. Nataka kisome kati ya arobaini na hamsini. Kikipanda, natoa vipakiti nakausha, narudisha. Mlango wa kabati haukai wazi, maana mwanga nao hula rangi.

Kila kadi imepigwa picha mbele na nyuma, na namba yake imeandikwa. Nakala moja anayo mchungaji, moja anayo Agnes, ya tatu ndiyo hiyo aliyokuletea Sebastian. Zihesabu. Utakuta arobaini na sita nzima na mbili zilizoharibika, na nyuma ya hizo mbili nimeandika kwa mkono wangu jinsi zilivyoharibika na nani aliziharibu. Mtu asije akamsingizia mwingine huko mbele.

Sasa nikwambie juu ya Atupele. Wiki moja baada ya ule mgogoro alikuja kutoka shule akaomba kasha la kipa. Akaniuliza kama ni kweli halina thamani tena. Nikamwambia ndiyo, wapimaji hawatalitazama. Akauliza, kama ni hivyo, tunaweza kulifungua? Sikuwa na sababu ya kukataa. Mama yake ndiye aliyepasua maungio, na kadi ikateleza juu ya meza. Mtoto aliiokota kwa vidole viwili, akaigeuza, akaishika kwa muda.

Akasema, “Shangazi, hii baba aliishika. Zile nyingine nimeziona tu.”

Agnes alitoka nje akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mimi nilibaki. Tangu siku ile kadi hiyo anayo yeye, sijui anaiweka wapi na sijamwuliza. Lakini kila Jumamosi anakuja mwenyewe kusoma kisaa. Anaandika namba na tarehe kwenye daftari, na nikisahau kufunga kabati ananigombeza kama mama mkwe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiniletee tena habari ya mnunuzi. Sisemi hivi kwa ukaidi. Nathanaeli hakutuomba tuzigeuze ziwe kitu kingine, alituomba tungoje. Kama bado unaona vema ziuzwe, njoo likizo, ukae kwenye kiti mbele ya Atupele, umwambie mwenyewe. Ukiweza, mimi nitakupa ufunguo.

Lakini kama uko upande wetu, nina kazi yako. Nitumie vile vipakiti vya kukausha vinavyobadilika rangi vikijaa maji, maana hivi vyangu siwezi kujua hadi nivipime, na mifuko mia ya kuvalisha makasha, isiwe ile laini inayonuka. Na uwaulize wale wapimaji kama makasha mawili yaliyofifia yanaweza kubadilishwa bila kadi kupoteza alama yake. Niandikie jibu lao neno kwa neno.

Pasaka nitapanda Ibaba kwa Baba mdogo Rubeni. Nitamwomba radhi kwa kuwa aliondoka nyumbani kwangu bila chai, na nitamwonyesha picha zote, pamoja na zile mbili. Asiponielewa nitapanda tena mavuno yakiisha.

Na jambo la mwisho. Mwaka huu natimiza miaka hamsini na nane. Nimeandika karatasi mbele ya mchungaji kwamba nikitangulia, ufunguo unakwenda kwa Agnes, na Agnes hana ruhusa ya kuuza, wala wewe, wala Baba mdogo. Chini ya jina lako nimeacha nafasi ya sahihi. Karatasi imo ndani ya bahasha. Weka sahihi, umpe Sebastian airudishe Desemba.

Msalimie sana mkeo, na watoto wote, mwambie yule mdogo kwamba picha aliyonichorea iko ukutani. Agnes na Atupele wanakusalimu, Teresia pia, na mzee Anyosisye jirani yetu wa Ibaba anauliza kila mara kama huko mnapanda mahindi. Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe mgongo wenye nguvu na moyo mtulivu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Ikupa