Salamu za Mkwe Uwanjani

Kibondo, Jumanne, Julai 1976



Wanamgambo ninaowafundisha hapa nimewaambia tangu siku ya kwanza: ukiwa kwenye mstari wa shabaha, mtutu unaelekea mbele, hata akikuita nani. Leo baba mkwe wa mwanamgambo wangu Samweli kapita nyuma yetu akitoka shambani, akamwita. Samweli akageuka mzima mzima, bunduki mkononi ikiwa na risasi, akainama kumwamkia. Kwa Waha hawa, kumpa mkwe mgongo ni tusi. Mtutu ukamwelekea mzee kifuani.

Niliruka nikausukuma chini. Risasi ikaingia ardhini, karibu kabisa na miguu ya mzee.

Nikamfukuza Samweli. Jioni mwenyekiti wa kijiji akaja kumwombea, pamoja na mzee mwenyewe. Nilidhani mzee angalau ameogopa. Wapi!

"Afande, kijana ana adabu," akaniambia. "Ulitaka anidharau mbele za watu?"

Mwenyekiti ameamua Samweli arudi mstarini kesho. Mimi mgeni hapa, nitabishana na nani?

Mzee kaondoka amefurahi. Kesho, anasema, atapita na kaka zake wote, nao wasalimiwe.