Breki Alizozitengeneza Mume Wangu

Shangazi mpendwa,

Naomba unisikilize, maana hata pa kuanzia sipaoni. Mimi ni mfuaji wa nguo hospitalini, naenda kazini kwa baiskeli yangu kuukuu yenye breki za diski, zile za mafuta, na kutoka kwetu hadi kazini ni mteremko mtupu unaoishia kwenye barabara ya malori. Baba watoto alikuwa fundi wa malori miaka thelathini na minne, mwaka huu kastaafu, na tangu hapo anazunguka nyumbani akikaza kila chenye nati, mpaka miguu ya meza, nami namwacha kwa sababu namwonea huruma. Basi breki zilipoanza kulegea akasema, "Lete hapa, breki ni breki," akamwaga mafuta yaliyokuwemo akajaza mafuta ya breki ya gari, nikamuuliza, "Baba, kwani baiskeli nayo inakunywa haya haya?" akacheka, "Mama, nimesimamisha malori ya tani thelathini, nitashindwa na kibaiskeli?"

Wiki ya pili, katikati ya mteremko, nikabana, mkono wa breki ukalala mpaka kwenye usukani na baiskeli haina habari, Shangazi, nikajitupa kwenye ua wa miti wa nyumba ya watu, na ndiyo maana nakuandikia mkono mmoja uko kwenye bendeji. Nyumbani nikasema niliteleza. Kesho yake nikaikokota hadi kwa fundi baiskeli karibu na kazini, akafungua, akanionyesha raba za ndani zimevimba, akasema hizi zina mafuta yake maalumu, ya gari yanaziharibu, hapa ni kubadilisha breki zote, mbele na nyuma. Akanifungia nyingine zinazofanana kabisa na zile. Zilizokufa nimezificha chini ya kapu la nguo za kupiga pasi.

Sasa kichwa kinanizunguka. Mzee alipozibonyeza zikashika barabara, uso ukamng'aa, akasema, "Umeona? Mafuta yalitaka kuzoea tu." Sikumkatalia. Kumbe akaenda kujisifu kwa jirani, mama anayempeleka binti yake chekechea kwa baiskeli yenye breki kama zangu, na Jumamosi anamtengenezea! Nikisema, namvunja mtu ambaye ufundi ndio kitu pekee kilichombakia, nikinyamaza, sijui. Mimi ni mke mwema au mwongo? Nishike lipi, niache lipi?

Mwenye Bendeji

Mwenye Bendeji,

Pole kwa mkono. Pole imeisha, sasa nikuseme.

Mke mwema au mwongo? Ni vyote viwili, wala si wewe wa kwanza. Ingekuwa shingo ni yako peke yako, ningekuachia uamue. Lakini baada ya Jumamosi kuna mtoto kwenye kiti cha nyuma, na yeye hakuna aliyemuuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa atakayeumia ni mtoto wa mwenzako.

Halafu unajidai unamlinda mzee. Unamlinda na nini? Mtu mzima aliyesimamisha malori kwa mikono yake, wewe unamdanganya kama mtoto anayenyimwa pipi! Akija kujua kwa damu ya binti wa watu, hapo ndipo utakuwa umemvunja kweli.

Leo, si kesho, toa hizo breki chini ya kapu, uziweke juu ya meza aliyoikaza miguu, umpe na bisibisi. Usimhutubie. Sema tu, "Baba, hizi ndizo zilizoniangusha. Zifungue uone." Fundi habishani na raba iliyovimba. Atanuna, mwache anune, usimfuate na chai. Akimaliza, aende kwa jirani kusema kwa mdomo wake mwenyewe; ikifika Ijumaa hajaenda, nenda wewe. Kisha mfuatane hadi kwa fundi baiskeli achukue mafuta yanayofaa, na breki za jirani azitengeneze yeye, maana mikono yake haina kosa, kosa lilikuwa kwenye chupa.

Na umwambie kwamba hukuteleza. Mumeo mpaka sasa hajui kwamba nusura abaki peke yake na meza iliyokazwa vizuri.

Shangazi