Kipande Kilichovunjika Mapema

Jumatatu, 5 Machi 1973
Leo maabara tumekata vipande vya chuma cha Mabruki. Bwana Jaswinder, injinia wangu, anaviita "sampuli". Mimi siwezi. Ni mabomba ya moto ya oveni, bekari ya mtaa wa Hurlingham — ndugu za lile lililopasuka likamuua Mabruki, mwoka mikate wa pale, niliyekaa naye chumba kimoja. Stainless steel. Halikushika kutu hata kidogo, lilipasuka liking'aa!
Kirit, mwenye bekari, kaleta mkate. Ana swali moja tu: mabomba yaliyobaki yatadumu miaka mingapi?

Jumatano, 7 Machi
Mashine inavuta kipande, inakisukuma, ndani ya tanuri jekundu, mpaka kikatike. Kila kikikatika Bwana J. anatia nukta kwenye grafu, halafu anapitisha mstari kati ya nukta. Nikamuuliza, mstari unajua? Ati haujui, unakisia kwa adabu.
Nyumbani kitanda cha Mabruki kina mtu. Mwololo. Kapewa na kazi yake ya bekari pia. Anakoroma vilevile, naapa.

Ijumaa, 9 Machi
Kimoja kimevunjika mapema mno. Nukta yake iko peke yake kule chini, kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa. Sababu imejulikana: askari mpya wa mlango amekuwa akizima tanuri lile kila jioni — alidhani ni jiko tumesahau! Limepoa, limepashwa, limepoa. Makosa yetu, si ya chuma, kasema Bwana J. Akaifuta nukta. Mstari ukapanda. Akampigia Kirit: miaka mitatu bila wasiwasi.
Kirit alishangilia hadi mimi nikasikia: Jumatatu tunawasha!
Sina raha. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 12 Machi
Mwololo katoka alfajiri, kaniachia chai. Nikiinywa ndipo likanijia — oveni ya mkate nayo huzimwa kila jioni! Nikakimbia hadi maabara, tayari kuwa mjanja wa mwaka. Nikamkuta Bwana J. kashika kichwa. Ameshaliona. Jana gurdwara, hekaluni kwao Masingasinga, walipozima majiko ya chapati, akashindwa kula. Kirit hapatikani tangu jana.
Nukta imerudishwa. Mstari umeanguka. Ile miaka mitatu haipo. Mabomba yanaweza kupasuka mwakani, au leo.
Anapiga simu bekari. Inaita. Inaita — imeshikwa! Mwololo. Bwana J. anapayuka: zima gesi, toka nje!
Mwololo naye kwa sauti: Eeh? Sikusikii bwana, oveni hii leo ina kelele! Ngoja niiangalie kwanza.
Kaweka simu mezani. Tunasikia viatu vyake vikienda.