Mwani wa Bwana Mwenye Tai

Baba Watoto,

Uji upo kwenye chupa. Sukari usiitafute, nimeondoka nayo. Mtoto apewe dawa ya kikohozi akishakula, si kabla.

Asubuhi umeniudhi mpaka nikacheka. Miaka mitatu nakuletea unga wa mwani kutoka kiwandani, nakuambia utakusaidia tumbo na hiyo sukari inayopanda, wewe unaziba pua: eti unanuka ufukwe. Leo umeamka na kopo ulilouziwa na bwana mwenye tai, unakunywa umefumba macho kama mtu anayesali, na unanieleza mimi faida za mwani! Halafu ukashushia soda.

~~Nitachelewa, msinisubiri.~~ Nitarudi saa kumi. Vaa viatu, tutatembea kama daktari alivyosema.

Sasa geuza hilo kopo, usome namba ya mfungaji pale chini. Kisha tazama namba ya aproni yangu ya kiwandani iliyoanikwa dirishani. Kumi na saba, zote mbili. Unga huo nimeusaga na kuufunga mimi, mume wangu.

Kesho nitakukorogea nimevaa tai, labda utanisikia.

Mama Watoto