Tulipojitoa Ushirika wa Korosho

Mjukuu wangu Upendo,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Lulindi tu wazima, na mama yako yuko shambani anapalilia mihogo.

Umeuliza kwa nini serikali ya huko Uingereza unakosoma ilihangaika vile kujitoa kwenye umoja na majirani zake, wakati wananchi walishapiga kura. Nimekumbuka kijiji chetu kilipojitoa kwenye ushirika wa korosho tuliokuwa nao na wenzetu wa Lisekese. Nilikuwa binti bado, nikachaguliwa kwenda kwenye mazungumzo pamoja na mwenyekiti wetu na makamu wake.

Mama Zuhura, kiongozi wa Lisekese, alituuliza, "Ghala la pamoja bado mnalitaka?"

"Hatulitaki," alijibu mwenyekiti.

"Tunalitaka," alisema makamu papo hapo.

Mama Zuhura alitutazama kwa huruma. "Rudini kwanza mkakubaliane wenyewe."

Niliona haya. Tulikuwa tumepiga kura ya kutoka, ila hakuna aliyeuliza korosho tutaziweka wapi. Tulibishana hadi mavuno, tukatoka bila makubaliano yoyote. Mvua ya kwanza ilikuta magunia yetu uwanjani.

Mara likaja lori kutoka Lisekese. Mama Zuhura akashuka na maturubai. Mwenyekiti wetu akaanza kujieleza.

"Baba, shika pembe hiyo," alimwambia. "Tutaongea zikishafunikwa."

Tuliongea kweli, tumelowa wote, na safari hii tulijua tunachoomba.

Vaa sweta, baridi ya huko naisikia kwenye habari.

Bibi yako anayekuwaza