Akiba Yangu ya Uzeeni, Ngozi za Mume Wangu

Jumamosi, jioni. Agosti ya Singida ni hii hii, upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nina furaha mbaya moyoni. Nimeandika hivyo hivyo, furaha mbaya, na sifuti.

Leo umeletwa mzigo wa tatu wa ngozi.

Kwa wasiotoka huku nieleze kidogo, maana najua wengine mnasoma mkiwa Dar, mnapigwa na feni. Mtu wa kwetu akiwa na ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake. Anawawekesha kwa watu. Wawili kwa rafiki, watatu kwa shemeji, mmoja kwa ndugu wa mbali. Anayewatunza anakunywa maziwa, anachukua samadi, na wakizaa vizuri siku moja anapewa ndama awe wake. Mwenye mali haendi kuwahesabu kila mara, kwa sababu kwenda kuhesabu ni kumwita mwenzako mwizi. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakuletea ngozi. Ukishaipokea na kusema asante, maneno yameisha. Hutamwuliza tena mpaka mnazikana.

Mume wangu, Baba Zawadi, ni dereva wa lori la kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa mjini. Mimi nipo kiwanda hicho hicho, kwenye kufungasha, nafunga vifuniko vya madumu. Mwezi ujao anastaafu. Miaka yote aliyoshika usukani, kila shilingi aliyobakiza ilikwenda kwenye ng'ombe. Aliwawekesha Mungaa kwa mdogo wake, Kinyangiri kwa rafiki aliyeingia naye jandoni, na Kintinku kwa mtu waliyejuana barabarani wakawa kama ndugu. Nia yake ilikuwa moja tu: akistaafu awakusanye, awauze, anunue mashine ya kukamua alizeti aifunge Mungaa, na yeye akae kwenye kiti watu wapange foleni na magunia yao. Kibanda cha mashine kimeshajengwa. Bati limepigwa. Ukutani ameandikisha jina lake kwa rangi ya bluu, herufi kubwa, utadhani anagombea udiwani.

Mashine haipo.

Mavuno ya alizeti yalipoanza alituma ujumbe kwa wote watatu: andaeni ng'ombe, nakuja kuwachukua. Badala ya ng'ombe zikaanza kuja ngozi.

Nisiwe mwongo, wengine walikufa kweli. Mvua zilikatika, majani yakaisha, tukaona wenyewe mizoga kando ya barabara. Lakini wengine, jamani! Ngozi imekauka mpaka inalia ukiikunja, ina matundu ya panya, halafu mtu anakuangalia machoni anakwambia huyu alikufa juzi. Alikuwa anatembea na panya ndani? Mdogo wake wa Mungaa, tumbo moja ziwa moja, alileta ngozi ya dume akasema ni ya yule jike mwenye pembe moja. Baba Zawadi aliipokea kwa mikono miwili. Angefanya nini?

Leo amekuja wa Kintinku. Amefika saa za chakula, bila shaka kwa bahati. Kofia mkononi, shingo upande, anasema "shemeji, tumeisha, shemeji, Mungu ametupiga." Nikamchinjia kuku. Kuku wangu wa kienyeji anayetaga namchinjia mtu aliyekula ng'ombe wetu! Akala akapiga mbweu, akasifia mchuzi, akaomba na chai. Nikampa chai ya maziwa, tena maziwa mengi, kwa sababu nilitaka Baba Zawadi aione ikimiminwa. Kisha mgeni akafungua mzigo, mume wangu akapokea, akasema "asante kwa kunifikishia," sauti kama ya mtu aliyekwamwa na mfupa. Nilikuwa mlangoni pa jikoni. Nilikohoa ili nisicheke.

Mnaniona nina roho mbaya. Subirini.

Miaka mingi iliyopita, Zawadi akiwa bado mgongoni, kiwanda kilimleta dada mmoja kutoka Dodoma kutueleza habari za mfuko wa akiba ya uzeeni. Si ule wa lazima, ule unakatwa upende usipende. Huu ulikuwa wa hiari, wa kiwanda chenyewe. Tulikaa kwenye magunia ya mashudu, yeye akasimama na viatu vyake vyeupe. Akasema ukichangia kila mwezi, mwajiri anaongeza kiasi kile kile juu yake. Usipochangia, haongezi. Nikawatazama wenzangu usoni nikaona hawajasikia. Mtu anakupa hela ya bure, sharti lake utoe yako kwanza, na wewe unatazama saa ya chakula!

Akaeleza pesa inakwenda wapi. Nyingine inanunua hisa, yaani unakuwa na kipande cha kampuni, kampuni ikinenepa unanenepa, ikikonda unakonda. Nyingine inanunua hati fungani, yaani unaikopesha serikali na inakulipa riba kwa utaratibu, polepole. Nyingine inalala benki kwa muda maalumu, haina presha na haina utamu. Ukiwa kijana weka zaidi kwenye hisa, kwa sababu zikianguka una miaka ya kuzisubiri ziinuke. Ukikaribia kustaafu zipunguze, hamia kwenye hati fungani. Na usiweke yote sehemu moja, tawanya.

Hapo ndipo Baba Zawadi aliposimama. Alikuwa na kifua wakati ule. "Binti," akasema, "hayo ya kutawanya sisi tumeanza kabla hujazaliwa. Mimi ng'ombe wangu wako wilaya tatu. Hiyo karatasi yako inatoa maziwa?" Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga magunia. Yule dada akacheka nao, kisha akauliza, "Baba, mvua ikikatika, inakatika Mungaa peke yake?"

Baba Zawadi akajibu kwamba Mungu hawezi kuwa mkatili kiasi hicho.

Alitawanya vijiji, mume wangu. Mali ilibaki ile ile moja, inayokula majani yale yale na kunywa mvua ile ile. Na walinzi wa mali hiyo ni watu ambao mila inamkataza kuwauliza swali. Mimi angalau kila mwaka naletewa taarifa, na nikiona gharama ya uendeshaji imepanda napiga simu nagomba na mtu.

Lakini sikujiandikisha kwa sababu ya akili, msinisifie bure. Nilijiandikisha kwa sababu ya mtamba wa mama yangu.

Yule dada alifika kwenye faida juu ya faida. Akasema faida ya mwaka huu usiitoe, iache humo humo nayo ipate faida yake, na hiyo ipate yake, na miaka ikipita kilichozaliwa kitakuwa kikubwa kuliko ulichoweka. Wenzangu walikuwa wameanza kusinzia. Mimi nilikuwa macho kabisa. Nilikuwa nafikiria ng'ombe mmoja.

Mama yangu alikuwa mjane. Kwenye mahari yangu wajomba waligawana, wakamwachia mtamba mmoja, mweusi tii, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Ndiyo mali pekee aliyowahi kuwa nayo yenye miguu minne. Hakuwa na zizi, hivyo akamwekesha kwa mkwe wake. Ndiyo, kwa Baba Zawadi. Nani wa kumwamini zaidi ya mume wa mwanao?

Haukupita muda mrefu Baba Zawadi akaenda kwa mama na ngozi. Nilikuwepo. Akamwamkia kwa heshima zote, akakaa mbali kama mkwe anavyotakiwa, akasema mtamba aliugua ghafla. Mama akaikunjua ile ngozi. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu yote, haina hata unyoya mweusi, wala alama popote. Mama akapitisha kiganja juu yake toka shingoni hadi mkiani, taratibu. Kisha akanitazama mimi, si yeye. Akasema, "Asante, baba, kwa kunifikishia."

Alinyamaza kwa ajili ya nyumba yangu. Angesema neno, ningerudi kwake na mtoto mgongoni. Baba Zawadi alikuwa amemuuza yule mtamba mnadani, akaongezea akanunua madume mawili akayapeleka Kinyangiri. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye na shemeji yangu alipolewa.

Mama alikufa akinywa chai ya rangi. Mpaka mwisho wake, mwanamke mwenye ng'ombe wa mahari, maziwa aliyaona kwa jirani. Kabla hajafa alinipa ile ngozi akasema nisiitupe, inafaa kuanikia mtama. Sikuitupa. Ipo uani kwangu hadi leo, tunaanikia mtama na wageni wanaikalia.

Kwa hiyo yule dada aliposema faida juu ya faida, nilielewa kilichoibwa. Hakikuwa kichwa kimoja. Mtamba yule angezaa, majike yake yangezaa, na mama angekuwa na zizi. Nikanyanyua mkono nikaomba kalamu; Baba Zawadi alikuwa ameshatoka kwenda kwenye lori lake.

Mume wangu hakuuliza kitu. Mshahara wa mwanamke ni wa mboga, hakuwahi kujali unaanzia wapi na unaishia wapi, na pesa ikipungua alidhani naitia kwenye kikoba. Kuna mwaka hisa ziliporomoka, wenzangu wakakimbilia ofisini wakilia kama msibani, wakahamisha zote wakiwa wameshapata hasara. Mimi sikwenda. Si kwamba nilikuwa jasiri, nilikuwa na hasira tu, na mtu mwenye hasira ya miaka anaweza kusubiri. Hisa zikainuka, nami nikainuka nazo. Siku hizi nimeshahamishia sehemu kubwa kwenye hati fungani, kwa sababu nami zamu yangu ya kustaafu haiko mbali.

Na kanuni zinaruhusu kuchukua sehemu kabla ya kustaafu. Nimepiga hesabu. Sehemu hiyo inanunua mashine ya kukamua na chenji inabaki.

Sasa ya leo.

Mgeni wa Kintinku alipoondoka, Baba Zawadi akakaa uani, amekingwa na ukuta upepo usimpige. Mizigo ya ngozi pembeni yake. Alikuwa amenywea. Huyu ni mtu aliyekuwa akipiga honi tangu Msufini ili mtaa mzima ujue anarudi, leo alikuwa anavuta vuta uzi kwenye suruali. Muuza mashine anataka jibu Jumatatu, la sivyo anampa mwingine.

Akaniita. "Mama Zawadi." Sauti ya chini. "Kuna watu kazini wananiambia wewe uliingia kwenye ule mfuko."

Nikasema niliingia.

Akanyanyua uso. Nilikiona kitu kikiwaka pale usoni, na nakiri mbele yenu, nilikiacha kiwake kidogo kwanza.

"Hisa zilianguka," nikamwambia. "Imekufa yote."

Nimemdanganya mume wangu mchana kweupe. Akatikisa kichwa, akatazama ile mizigo. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeishiwa, akatania, "Na ngozi yake iko wapi?"

"Umeikalia."

Alitazama chini. Ngozi nyekundu, imechakaa, haina hata unyoya mweusi. Mkono wake ukaanza kuipapasa toka upande wa shingo kwenda mkiani, kisha ukasimama katikati, nikajua amekumbuka ni mkono wa nani ulipita hapo kabla yake. Hakuinuka. Nilidhani atafoka, nilikuwa nimejiandaa kwa kufoka. Akasema, "Mama alijua?"

"Alijua."

Akauliza kama kweli akiba yangu imekufa. Nikamtazama tu. Naye akaelewa kwamba hawezi kuniuliza mara ya pili, kwa sababu ngozi ameshaletewa. Mwishowe akasema maneno yenyewe, amenyoosha mikono yote miwili, kama anapokea mzigo kweli: "Asante, mama, kwa kunifikishia."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nilidhani itakuwa tamu. Nimeingia ndani nikalia hadi kamasi, na sijui nilikuwa namlilia nani kati ya wale wawili.

Bado yuko uani. Upepo umeongezeka na hataki kuingia. Nimempelekea chai, ya rangi, ameinywa bila kuuliza.

Kesho asubuhi nitachemsha nyingine. Maziwa yapo kwenye chupa, hayajaharibika. Na Jumatatu muuza mashine atapiga simu. Je, mama yangu, nimmiminie?