Mchicha Uliokufa Njaa Penye Samadi

Jadida, Wete

Mjukuu wangu, mume wangu Hamadi,

Salamu na dua zangu zikukute mzima huko Morogoro. Hapa sote hatujambo. Dada yako kaposwa, na yule mbuzi wetu kazaa pacha.

Umeniuliza, wewe unayesoma kilimo, kama niliwahi kuona mmea ukifa njaa penye mbolea. Niliuona nilipokuwa msichana, kabla ya Mapinduzi.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kutia bati masufuria ya shaba. Harusi zikikaribia, aliletewa ya mtaa mzima. Aliyaosha kwa tindikali, na maji yake akayamwaga nyuma ya nyumba. Nami nikapanda mchicha pale pale. Ukatoka wa manjano, umedumaa. Nikaona una njaa, nikautia samadi. Ukazidi kunyong'onyea, nami nikazidisha. Mwisho nikaung'oa. Mizizi ilikuwa mifupi, myeusi kama njiti za kibiriti zilizoungua, na samadi imeizunguka vile vile nilivyoiweka.

Baba aliitazama ile mizizi. "Mwanangu, mchicha huu chakula unacho. Shaba iliyomo katika maji yangu ya tindikali ndiyo iliyoufunga mdomo."

Siku hizi babako huniletea wali kila mchana. Nikibakisha, kesho yake huongeza, na samaki juu. Simlaumu, hata mimi niliudhania mchicha wangu hivyo hivyo. Tangu babu yako atutoke nakula peke yangu, nikiutazama mkeka wake.

Likizo ukija, usiniletee kitu. Keti tu hapo, tule sinia moja.

Bibi yako